Kando ya Mtu, Si Kando ya Tunda: Maisha ya Dorca Akello Owiti

Marehemu Dorca Akello Owiti, ambaye wengi mliofika hapa leo mlimwita Mama Caren na wengine Mama Mifuko, alizaliwa Ijumaa tarehe 12 Agosti 1966, nyumbani kwa wazazi wake nje kidogo ya soko la Awasi, kando ya barabara ya Kericho. Alikuwa wa kwanza katika watoto wanne. Wawili walitangulia wakiwa wadogo, na aliyebaki ni mdogo wake Lornah. Mama yao aliuza kuku sokoni, na Dorca alijua kuuza kabla ya kujua kusoma. Akiwa na miaka minane aliachiwa jogoo wa mwisho. Mteja alimgeuza huku na huku, akasema, "Lakini huyu amekonda." Dorca akamjibu, "Hajakonda, baba. Ni mrefu." Jogoo alikwenda kwa bei ya jogoo mnono, na neno hilo ni msemo wa nyumbani kwao hadi leo.

Alisoma shule ya msingi papo hapo Awasi na kufanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1980. Alipita. Karo ya sekondari haikupatikana, na hakuna mtu aliyewahi kumsikia akilisimulia jambo hilo kwa kilio. Mwaka 1982 aliingia chuo cha ufundi cha kanisa, akatoka baada ya miaka miwili na cheti cha ushonaji. Kuanzia 1985 hadi 2003 alifanya kazi katika kiwanda cha nyavu mjini Kisumu. Huko ndiko vidole vyake vilikozoea fundo la wavu, lile ambalo kadiri unavyolivuta ndivyo linavyozidi kujifunga. Kiwanda kilipopunguza watu alitoka na kopo la sindano za mbao, akaanza kushona sare za shule katika nyumba ya kupanga mtaani Migosi.

Mwaka 1987 aliolewa na Zadock Owiti wa hapa Kobaro, fundi wa injini za boti, na ndoa yao ikabarikiwa kanisani tarehe 7 Desemba 1991. Mungu aliwajalia watoto wawili, Caren na Robinson. Zadock alikuwa mtu mkimya, mrefu, mwenye mwili mzito kweli. Dorca alizoea kusema kwamba kitanda chao kililala upande kama boti iliyopakiwa vibaya, na kwamba yeye alikuwa akipanda mlima kila asubuhi ili afike sakafuni.

Asubuhi ya Alhamisi tarehe 14 Julai 2016, shati la Zadock lilishikwa na msumari wa mlango, mkono wa kushoto ukachanika. Uzi wa pamba ulikuwa umeisha nyumbani. Dorca aliushona kwa uzi wa nyavu, kwa mafundo ya kiwandani, mume akiwa amelivaa tayari. "Sasa wewe ni samaki wangu," akamwambia. Zadock akacheka, akaja huku ufuoni kujaribu injini ya mteja. Saa tano, jua likiwaka na ziwa limelala kama sahani, watu waliona boti ikizunguka duara moja, tena na tena, injini ikinguruma, bila mtu ndani. Viatu vyake vilikuwa vimepangwa sambamba juu ya ubao wa kukalia. Alitafutwa siku kumi na mbili. Hakupatikana.

Kwa mila ya kwetu, aliyepotea majini asipopatikana, tunda la yago huzikwa mahali pake, lile tunda refu la kijivu linaloning'inia mtini kwa kamba yake. Mwezi wa Agosti, Ondiek, mdogo wake Zadock, alileta moja hapa nyumbani likiwa ndani ya gunia.

"Nyar Awasi," akamwambia Dorca, maana wanaume wa boma hili walimwita binti wa Awasi tangu aolewe, "huyu ndiye ndugu yetu sasa. Tumlaze, tupumzike."

"Shemeji, mimi sinunui kitu kikiwa kwenye gunia. Kifungue."

Ondiek akafungua. Dorca akaliinua lile tunda kwa mikono miwili, kama anavyoinua mtu tikitimaji sokoni, akalirudisha chini.

"Uzito wa Zadock naujua. Hili ni tunda."

"Ni mila, shemeji. Wazee wetu hawakuwa wajinga."

"Sijasema wajinga. Nimesema ni tunda."

Likarudishwa lilikotoka. Watu walisema mengi, na baadhi yao wameketi hapa. Kwa miaka minane na zaidi mahali pa Zadock, upande wa kulia wa nyumba, pamebaki nyasi tupu.

Mwishoni mwa Agosti 2017 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini, na wiki hiyohiyo watu walikuwa wakibeba nyanya kwa kofia. Dorca hakungoja. Alijua kufuma, na neti kuukuu ziko tele ufuoni. Kile ambacho wengi hawakukijua ni neti gani alizokuwa akizichukua. Kuna neti ambayo mvuvi hairudishi majini: ile iliyomtoa mtu. Huachwa juu ya mawe, haichomwi, haiguswi na mtu. Dorca alianza kuzunguka fuo, akiwaambia wavuvi, "Nipeni ile msiyotaka kuigusa." Walimpa kwa bei ya kutupa, wengine bure, na wengine walimsaidia kuipakia wakiwa wamegeuza uso.

Sharti lake lilikuwa moja. Neti ilikuja na jina. Aliuliza, "Hii ilimtoa nani?" na mvuvi akamwambia. Nyumbani Migosi aliilowesha kwa sabuni siku mbili, akaianika juani, akaikata, na kabla ya fundo la kwanza alilitaja lile jina kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeita jirani dirishani. Kisha akafuma. Kitako cha mfuko kilikuwa plastiki ya jerikeni iliyokatwa duara, mikono ilikuwa mpira wa ndani wa baiskeli uliosukwa. Mifuko hiyo haikukatika. Lornah aliiuza kwenye mageti ya Milimani na kwa simu, na hakumpunguzia mtu zaidi ya mara moja. Mteja hakuambiwa neti ilitoka wapi kwa sababu mteja hakuuliza. Kazi hiyo, iliyofanywa kwenye kiti kimoja karibu na mlango, ndiyo iliyomaliza karo ya Robinson, ikaezeka upya nyumba mnayoiona hapo nyuma.

Lornah alimuuliza mara moja kwa nini hachukui neti za kawaida, maana nazo zipo.

"Za kawaida zina wenyewe wa kuzililia bei," Dorca akasema. Halafu akaongeza, "Na siku moja mojawapo itakuja na jina ninalolingoja."

Kosa alilifanya mara moja tu, mwezi wa Mei 2022, na lilikuwa kosa la mfanyabiashara. Mvuvi aitwaye Enos, wa ufuo wa ng'ambo ya ghuba, alimletea neti ya bluu iliyochanika katikati. Dorca akataja bei ya matusi, akijua watavutana. Enos akasema, "Sawa, mama," akaondoka karibu akikimbia. Muuzaji akikubali bei ya kwanza, uliza kwa nini. Hilo Dorca alikuwa amemfundisha Lornah mwenyewe. Siku hiyo aliifurahia bei, na jina hakuliuliza. Neti ikatoa mfuko mmoja tu. Ulinunuliwa na Bi Nakhumicha wa Milimani, mwalimu mstaafu, mteja wa siku nyingi.

Baada ya wiki mbili, saa sita mchana, Bi Nakhumicha alisimamisha gari mlangoni Migosi.

"Mama Caren, huu mfuko una shida."

"Umekatika?"

"Haujakatika. Unakuwa mzito."

"Ulibeba nini?"

"Mikate miwili. Mikate, mama. Yule askari wa getini alikuja kunisaidia, akaniuliza kama tunajenga, alifikiri ni simiti."

"Labda ni mgongo, mwalimu. Umri unatupita."

"Mgongo wangu uache. Beba wewe."

Dorca akaushika ukiwa mtupu. Ulikuwa mwepesi kama wavu. Akachukua mkate mezani, akautia ndani, akainua. Lornah alikuwepo na aliona mkono wa dada yake ukishuka, bega likafuata, hadi kitako cha mfuko kikagusa sakafu. Dorca akatoa mkate, akahesabu fedha za Bi Nakhumicha, akazirudisha zote. Katika miaka mitano ya biashara hiyo hakuwahi kumrudishia mtu hata shilingi, na Lornah anasema hilo ndilo lililomtia baridi zaidi ya ule uzito.

Mfuko akautundika kwenye msumari, ukuta wa ndani. Kesho yake sakafu chini yake ilikuwa na maji. Akaweka beseni. Kila jioni lilikuwa limejaa nusu, maji ya kijani yenye harufu ya magugu ya ziwa, na Migosi ni mbali na ziwa. Mwenye nyumba alimtuma fundi wa mabomba, Waswa. Alipiga ukuta kwa nyundo juu hadi chini, akaonja maji kwa kidole, akatema.

"Mama, ukuta huu hauna bomba."

"Basi ni nini?"

"Mimi ni fundi wa bomba," Waswa akasema, akafunga mkoba wake. Hakudai hata nauli.

Dorca akavuka ghuba kumtafuta Enos. Alimkuta akikausha omena, dagaa wa ziwani.

"Uliniuzia neti bila jina."

"Sikukuficha, mama. Ulishusha bei, hukuuliza."

Dorca akakubali kwamba hilo ni kweli. "Sasa nauliza. Ilimtoa nani?"

"Haikumtoa. Ilimshika, tukavuta, ikachanika, akarudi chini. Tuliona mkono tu, wa kushoto. Shati limeshonwa hapa na uzi wa nyavu." Enos akagusa juu ya kiwiko chake. "Mafundo kama ya kiwandani."

"Ilikuwa lini?"

"Mwezi wa nne, mwaka huu."

Dorca akapiga hesabu: miaka sita kasoro miezi mitatu. Akamuuliza mkono wenyewe ulikuwaje.

"Kama wa mtu aliyelala," Enos akasema, na akaendelea kugeuza omena wake.

Dorca na wavuvi wakaenda pale ziwani neti ilipochanikia, kwa boti mbili, mara mbili, wakavuta neti hadi mchana. Hawakupata kitu. Tangu siku hiyo Dorca aliendelea kufuma na kuuza mifuko mingine, akamwaga beseni kila jioni, na ule wa bluu hakuuuza wala hakuufumua. Akipita karibu nao aliugusa kitako kwa kiganja, kama mtu anayepima kama uji umepoa.

Novemba 2023 miguu yake ilianza kuvimba. Daktari alisema ni figo. Kwa miezi kumi na sita alikwenda kusafishwa damu mara mbili kwa wiki katika hospitali moja mjini Kisumu, na aliwauzia mifuko wauguzi akiwa kitandani, mkono mmoja umefungwa kwenye mashine. Mwezi wa Februari mwaka huu, alipoona mambo yamefika ukingoni, aliwaita Ondiek, Lornah na watoto wake. Caren aliandika aliyoyasema.

"Shemeji, lete lile tunda lako. Mara hii nakubali."

Ondiek akasema, "Mungu asifiwe."

"Usimsifu bado. Litiwe kwenye mfuko wa bluu. Likiwa zito, ni Zadock, mlazeni mahali pake, na mimi mniweke kando yake siku hiyohiyo. Likiwa jepesi, mnirudishe Awasi nikalale kwa mama yangu. Nitalala kando ya mtu. Kando ya tunda, hapana."

"Nyar Awasi, mke wa watu hazikwi kwao. Hiyo ni chira, laana itakayoliandama boma lote, hadi wajukuu."

"Basi omba liwe zito."

Ondiek alijaribu kumrudisha nyuma, mara kwa upole, mara kwa ukali. Dorca akafumba macho, akamwambia amemsikia, na kwamba bei ni ileile. Alimtaka aape, na kwamba mfuko utajaribiwa mara moja tu. Ondiek, tunamshukuru, aliapa.

Dorca aliaga dunia hospitalini Jumanne tarehe 4 Machi 2025, saa tano na dakika ishirini asubuhi, akiwa na miaka hamsini na minane, mkononi ana sindano ya mbao. Lornah alifika Migosi saa saba mchana kuchukua nguo za marehemu. Beseni lilikuwa kavu. Mfuko ulikuwa kwenye msumari wake, mkavu kabisa, na mwepesi. Kwa siku kumi na moja haukudondosha tone. Kila mtu wa familia hii alijua maana yake inaweza kuwa nini, na hakuna aliyethubutu kuujaribu, kwa sababu kiapo kilikuwa ni mara moja.

Ndiyo maana wasifu huu ulichapwa katika vijitabu vya aina mbili, kimoja chenye jina la Kobaro kwenye jalada, kingine chenye Awasi. Mchapaji alitaka malipo ya kazi mbili. Lornah alimwambia kwamba marehemu ni mmoja, na alilipa ya kazi moja. Makaburi nayo yalichimbwa mawili hapa, na moja Awasi, ambako wajomba wanangoja simu tangu jana.

Karatasi hii ya mwisho, kuanzia pale beseni lilipokutwa kavu, haikuchapwa pamoja na nyingine. Imeandikwa leo Jumamosi tarehe 15 Machi na kutiwa ndani ya vijitabu kwa mkono.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua likichomoza, Ondiek alileta tunda la yago barazani. Lornah alilipima kwa mizani ya samaki ya kuning'iniza, mbele ya wazee na mchungaji: kilo sita na nusu. Likatiwa kwenye mfuko wa bluu. Ondiek aliushika kwa mkono mmoja, kama mtu anayetoka dukani, akainua. Haukuinuka. Akashika kwa mikono miwili. Akasimama wima, akavua kofia, akamwita Robinson. Wakaitwa vijana wengine wawili wa boma. Kutoka barazani hadi kaburini ni hatua thelathini, na wanaume wanne walipumzika mara tatu. Njia nzima nyuma yao ililowa, na hatujapata mvua tangu Januari. Mliofika mapema mmeikanyaga. Walipoushusha, kamba zililia. Robinson ana alama zake viganjani, na hajakataa kuzionyesha.

Mchungaji alisema maneno ya maziko, akalitaja jina la Zadock, na udongo ukarudishwa. Lornah, ambaye hupima kila kitu, hakupima mara ya pili. Alipiga simu Awasi, akawaambia wajomba walifukie lile shimo na waje huku kula. Vijitabu vya Awasi viko kwenye gunia. Karatasi yake ni nzito na ina rangi nzuri, na itakatwa vipande na kuviringishwa kuwa shanga.

Marehemu alikuwa mke wa Zadock Owiti, aliyelazwa leo asubuhi. Ameacha watoto wawili: Caren, muuguzi Nairobi, na Robinson, fundi umeme Kisumu. Ameacha wajukuu watatu, dada mmoja Lornah wa Migosi, na shemeji mmoja Ondiek wa hapa Kobaro. Ameacha pia mifuko kumi na tisa iliyokamilika, ambayo majina yake yote yameandikwa, na yeyote atakayetaka kununua ataambiwa jina la mfuko wake akiuliza.

Mnaombwa msikanyage upande wa kulia wa nyumba. Udongo wake bado ni tope.

Apumzike Dorca, na apumzike aliye kando yake, kwa amani.